Bima ya mazishi huku Marekani: bora wakala huru au wakala wa kampuni moja? Nimekaa pande zote mbili

MwanaTanga_HTX (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mliotangulia, na wengine habari za siku.

Nauza bima ya mazishi hapa Houston, huu mwaka wa saba. Miaka miwili na nusu ya mwanzo nilikuwa wakala wa kampuni moja: kadi yake, fulana yake, vipeperushi vyake, na mkataba ulionikataza kuuza bidhaa ya mwingine. Baadaye nikatoka, na sasa ni wakala huru mwenye mikataba na kampuni tisa. Wiki haipiti bila mtu wa kwetu kuniuliza aanzie wapi, wengi ni wasaidizi wa wauguzi waliochoka na zamu za usiku. Tena wiki haipiti bila kupigiwa na mtu aliyemkatia mzazi wake bima pasipo kuuliza yule aliyekaa naye mezani amebeba kampuni ngapi mkobani. Nimejibu kwa simu hadi sauti imekauka, leo naandika.

Kwanza bidhaa yenyewe, kwa wasioijua. Ni bima ya maisha ya kudumu yenye kiasi kidogo, mara nyingi kati ya dola 5,000 na 25,000, na mtu wa miaka 50 hadi 85 anaipata bila kupimwa damu wala mkojo. Unajibu maswali ya afya, kampuni inachungulia kumbukumbu za dawa ulizochukua famasi, na jibu mara nyingi linatoka mkiwa bado mezani. Ada haipandi. Watu wanaihitaji kwa sababu hapa serikali haikuziki: Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, inatoa dola 255 mara moja, basi, tena kwa mwenzi au mtoto anayestahili tu. Chama cha wenye nyumba za mazishi, NFDA, kilitaja gharama ya katikati ya mazishi yenye kuaga mwili kwa mwaka 2023 kuwa dola 8,300, na hapo kiwanja cha kaburi hakimo. Sisi tunaotaka kulala Tanga, Kisumu au Uvira tunaongeza juu yake ndege, jeneza la kusafirishia na karatasi za ubalozi.

Sasa niseme kilichonitoa kwenye kampuni moja.

Mwaka wangu wa pili nilikaa sebuleni kwa mama mmoja wa miaka 67, tunasali naye. Anachoma insulini tangu akiwa na miaka 59. Figo nzima, miguu mizima, macho mazima. Kampuni yangu haikuwa na nafasi kwa mtu wa insulini isipokuwa ile bima isiyouliza maswali ya afya: dola 72 kwa mwezi, mafao 10,000, ila akifariki kwa ugonjwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo familia inarudishiwa alicholipa na asilimia 10 juu yake. Nilimweleza yote, sikumficha neno. Akaniuliza, "Mwanangu, hakuna nyingine iliyo nzuri zaidi?" Nikamjibu kwamba kwa hali yake iliyopo ni hiyo. Nilisema nilichokijua, na nilichokijua ni kampuni moja.

Alifariki mwezi wa 14. Kiharusi. Familia ikapata dola 1,108 na senti 80. Tukafungua kundi la WhatsApp kuchangisha, siku sita, mwili uko mochwari. Kijana wake akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Kaka, mama alikuwa anasema mambo yake yote ameshayamaliza." Nimeishi na maneno hayo.

Miezi michache baadaye rafiki yangu ambaye ni wakala huru alinionyesha fomu ya kampuni nyingine. Swali la kisukari liliandikwa hivi: je, ulianza insulini kabla ya kufika miaka 50? Mama yule angejibu hapana. Angelindwa kamili tangu siku ya kwanza, na kwa ada ya chini ya ile aliyokuwa akinilipa. Niliusoma ukurasa ule mara tatu nikiwa kwenye gari. Wiki ileile nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: maradhi ya mteja na karatasi zake ndivyo vinavyotakiwa kuchagua kampuni. Kampuni hazifanani hata kidogo kwenye maswali. Moja inakataa mtu mwenye insulini, nyingine inatazama umri ulioanza, nyingine inatazama kiasi cha insulini unachochoma kwa siku. Chukua Lasix, kile kidonge cha kupunguza maji. Mzee anakinywa kwa sababu ya shinikizo la damu, lakini kompyuta ya kampuni ikikiona inadhani moyo umeshindwa kazi. Gabapentini nayo, mtu kaandikiwa kwa maumivu ya mgongo, kampuni inasoma kwamba kisukari kimeshakula mishipa ya fahamu ya miguu. Wakala mwenye kampuni moja akikataliwa hapo, kilichobaki mkononi mwake ni ile bima ya kusubiri miaka miwili. Mwenye kampuni kadhaa anasogea kwenye nyingine inayokubali maelezo.

Najua humu kuna mawakala wa kampuni moja. Karibuni, semeni na ninyi.

KakaMinnesota

Ndugu yangu, pole kwa yule mama. Nimesoma mara mbili. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis, na nimekaa na kampuni moja miaka minane. Nitasema ukweli wangu bila kukupinga kwa ajili ya kupinga.

Nilipoanza sikuwa na pesa hata ya mafuta ya gari. Kampuni ilinilipia masomo ya leseni, ikanipa meneja aliyekaa nami kwenye kiti cha abiria wiki sita nzima, nyumba kwa nyumba. Ilinipa majina ya watu waliorudisha kadi za posta wakitaka kuelezwa. Wewe unajua bei ya hayo majina. Ukituma barua 1,000, wanaorudisha ni kama 10, na kila jina linakula dola 30, 40, hata zaidi. Kijana aliyetoka Kakamega juzi, akiambiwa "wewe ni huru, jinunulie majina," atakufa njaa kabla ya mwezi wa tatu. Nimewaona wakianza kwa moto wa mabua na kurudi kwenye zamu za usiku wakiwa na madeni.

Jambo la pili, na hili linaniuma: uhuru hauna meneja. Nimeingia nyumba ambayo mama wa miaka 74 amebadilishiwa bima mara tatu ndani ya miaka mitano, kila mara na wakala huru aliyemwahidi bei nafuu. Kila bima mpya ile miaka miwili ya kampuni kuweza kuchunguza majibu yako inaanza upya. Kila mara mama amezeeka, na ada imepanda. Wakala alikula kamisheni ya mwaka wa kwanza mara tatu. Kampuni tisa mkobani, na kila zamu alichomoa ile iliyomlipa yeye vizuri.

Kwetu mtu akifanya hivyo anaitwa ofisini. Huko kwenu anaitwa na nani?

MwanaTanga_HTX

KakaMinnesota, asante sana. Hayo ya kubadilisha bima ni kweli tupu na sitayatetea. Idara ya bima ya jimbo inaweza kumfutia leseni, lakini mpaka kesi ifike huko mama ameshapoteza miaka.

Ninachofanya mimi: nikikuta mtu ana bima inayofanya kazi, imeshavuka miaka miwili, na analipa bila shida, naifunga, naiweka mezani, na kumwambia mama hii ishike. Kama kiasi hakitoshi tunaongeza ndogo pembeni. Nimetoka nyumba nyingi mikono mitupu kwa sababu hiyo, na watoto wa nyumba hizo ndio wanaonitumia ndugu zao.

Kuhusu mafunzo pia nakubali. Kukaa na bibi wa miaka 80 na kumsikiliza habari za marehemu mumewe kabla ya kufungua fomu, hilo nilijifunza kwa meneja wangu wa kampuni moja, na bado namshukuru.

NesiMtarajiwa

Habari zenu kaka zangu. Mimi niko Columbus, ni msaidizi wa wauguzi, nimeshafaulu mtihani wa leseni ya bima ya maisha. Nimeitwa sehemu mbili. Moja kampuni, wananipa asilimia 50. Nyingine ni kundi la mawakala huru, wananiambia asilimia 105. Sielewi mtu anawezaje kulipwa zaidi ya asilimia 100. Naogopa ni utapeli.

MwanaTanga_HTX

Dada, asilimia hiyo ni ya ada ya mwaka wa kwanza tu. Twende na hesabu.

Mteja analipa dola 50 kwa mwezi, ni 600 kwa mwaka. Asilimia 105 ni dola 630. Kampuni inaweza kukulipa hivyo kwa sababu inategemea mteja atalipa miaka 10 au 15, na wewe miaka ya mbele unapata kidogo sana. Sasa sikiliza hapa kwa makini. Hawakulipi kidogo kidogo. Wengi wanakupa kamisheni ya miezi 9 kwa mkupuo bima ikishapitishwa, yaani dola 472 na nusu. Utamu wake ni huo na hatari yake ni hiyohiyo. Mteja akiacha kulipa baada ya miezi 4, umestahili 210 tu. Zile 262 na nusu zilizobaki ni deni lako. Zinakatwa kwenye kazi zako zinazofuata, na usipokuwa na kazi zinazofuata unadaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote. Usipolipa, jina lako linaingia kwenye orodha ambayo kampuni nyingine huitazama kabla ya kukupa mkataba.

Nimemwona mtu aliyeuza sana Desemba, akanunua gari, kufika Aprili anadaiwa dola 7,000.

Kwa wakala wa kampuni moja mambo haya yapo pia, lakini kamisheni yake ni ndogo kwa kuwa kampuni imelipia majina na ofisi, kwa hiyo anguko ni fupi. Ukiwa huru, majina unanunua mwenyewe, bima ya kujikinga na makosa ya kazi unalipia mwenyewe, kodi unajikatia mwenyewe. Zile 105 siyo zote za kwako.

Kinachookoa ni siku ya makato. Hili hukulisoma kwenye kitabu cha mtihani. Wazee wengi wanaishi kwa Social Security. Anayepokea zile fedha za watu wa kipato duni, SSI, analipwa tarehe 1. Waliostaafu zamani wanalipwa tarehe 3. Wengine wanalipwa Jumatano kulingana na siku ya kuzaliwa: waliozaliwa tarehe 1 hadi 10 ni Jumatano ya pili ya mwezi, 11 hadi 20 ya tatu, 21 na kuendelea ya nne. Ukiweka makato tarehe 28 kwa bibi anayelipwa Jumatano ya pili, akaunti itakuwa imekauka, malipo yatarudi, bima itakufa, na wewe utadaiwa. Lakini deni lako si kitu. Bibi atakuwa amepoteza kinga na hajui. Muulize siku yake, weka makato siku hiyohiyo au kesho yake.

KakaMinnesota

Hapo kwa siku ya makato nakupa mkono. Mimi humwomba mteja anionyeshe taarifa ya benki, siamini kumbukumbu.

Dada wa Columbus, kabla hujasaini na hilo kundi la mawakala huru, waulize kwa maandishi: nikitaka kuondoka mtaniachia mikataba yangu? Wapo wanaokuambia uko huru, halafu siku ya kuhama wanakataa kutoa barua ya kukuachia, unakaa miezi sita bila kuuza kampuni hizo ndipo uhamie kwa mwingine. Huo siyo uhuru.

MwanaTanga_HTX

Kweli kabisa. Na uliza pia malipo ya miaka ya mbele ni yako tangu siku ya kwanza au yanapotea ukiondoka. Kwenye kampuni yangu ya kwanza yalibaki kwao yote.

BintiMrima

Kaka zangu, samahani naingilia. Baba yetu alifariki mwezi uliopita hapa Fort Worth. Alikuwa akituambia ana bima, "nimeshajipanga", lakini tumepekua nyumba nzima hatujaona karatasi. Tunakumbuka kijana mmoja mwenye fulana ya bluu alikuwa akija nyumbani kama miaka tisa iliyopita. Jina la kampuni hatulijui. Tumeshamzika, tulichangiwa, deni limebaki. Kuna njia?

MwanaTanga_HTX

Dada, poleni sana. Mungu amrehemu mzee.

Njia ipo na haina malipo. Taasisi inayounganisha wasimamizi wa bima wa majimbo yote, NAIC, ina huduma ya kutafuta bima za maisha za marehemu kwenye tovuti yake. Unajaza jina lake kamili, namba yake ya Social Security, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, pamoja na uhusiano wako naye. Kampuni zinazoshiriki zinatafuta kwenye vitabu vyao, na ikiwepo bima na wewe una haki nayo, wanakuandikia wao wenyewe. Usipohusika nayo au isipokuwepo, hutasikia kitu. Mtu yeyote akikutoza fedha kwa kazi hii, mkimbie.

Wakati unasubiri, chukueni taarifa za benki za mzee za miaka miwili ya mwisho mtafute makato yanayojirudia kila mwezi kwa kiasi kilekile. Jina linaloonekana pale huwa limefupishwa, lakini linaanzisha njia.

Na huyo kijana wa fulana ya bluu, kwa maelezo hayo inawezekana alikuwa wa kampuni moja na ameshaacha kazi. Wateja wake tunawaita yatima kwenye biashara hii. Bima inaendelea kukatwa, lakini hakuna anayepiga simu kuuliza kama mmehama, kama aliyeandikwa kupokea bado yuko hai. Wakala huru akiacha kazi mambo ni hayohayo, sitasema upande wangu ni msafi. Wateja niliowaacha kule nilikotoka sikuruhusiwa hata kuwapigia. Naumia nikiwakumbuka.

PapaLouisville

Jambo ndugu. Mimi ni mtu wa Uvira, tuko Louisville. Mama iko na miaka 71, tuliingia kama wakimbizi, iko na kadi ya ukaazi, uraia bado. Wakala mmoja alituambia bila uraia haiwezekani. Tena mama anataka kwenda kukaa Bujumbura kwa dada yangu miezi mingi kila mwaka. Akifia kule bima italipa?

MwanaTanga_HTX

Mzee wangu, karibu. Hilo la uraia lilikuwa ukweli wa kampuni ya huyo wakala, au hakuijua vizuri hata hiyo kampuni yake. Nyingi ninazouza zinamkubali mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Chache zinakubali hata mtu mwenye namba ya kodi tu, ile ITIN, bila Social Security. Hapa ndipo watu wetu wanapoumizwa zaidi, maana mtu akishaambiwa haiwezekani anarudi nyumbani kimya, hajaribu tena.

Kuhusu safari: bima ikishatoka na ada ikilipwa, kifo cha nje ya nchi kwa kawaida kinalipwa. Lakini fomu nyingine zinauliza kama unapanga kukaa nje ya Marekani. Zikiuliza, mama aseme ukweli wake wote, Bujumbura itajwe. Akificha na ikagundulika ndani ya miaka miwili ya mwanzo, kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Madai ya kutoka nje pia yanachelewa: watataka cheti cha kifo cha huko, kikiwa kwa Kifaransa kitafsiriwe, na kampuni inaweza kutuma mtu kuuliza hospitalini. Kwa hiyo mpokeaji wa mafao awe mtu aliyeko hapa, mwenye akaunti ya benki ya hapa. Ukimwandika dada wa Bujumbura peke yake, fedha zitamfikia kwa mzunguko mrefu, na mazishi hayangoji.

Wala msimwandike mjukuu mdogo kwa mapenzi. Kampuni haimlipi mtoto moja kwa moja.

PapaLouisville

Aksanti sana ndugu. Mungu akubariki. Sisi tulikuwa tumeshakata tamaa.

MzeeWaBaltimore

Vijana, niko nchi hii tangu 1983 na nimeuza bima kabla wengine humu hamjazaliwa. Niongeze kitu kimoja.

Wakala wa kampuni moja ndiye aliyeanzisha biashara hii hapa Marekani. Mwaka 1875 pale Newark, John Dryden na wenzake walianza kampuni iliyokuja kuwa Prudential, wakiuza bima ndogo za mazishi kwa vibarua wa viwandani. Ada ilianzia senti 3 kwa wiki. Wakala alikuwa na mtaa wake na daftari lake, anapita kila wiki mlango kwa mlango kukusanya. Anajua nani kajifungua, nani mgonjwa. Weusi wa Marekani nao walipoona wanatozwa zaidi kwa bima ileile, au wanapewa mafao pungufu, wakaunda za kwao: North Carolina Mutual pale Durham mwaka 1898, na Atlanta Life mwaka 1905, ya Alonzo Herndon, mtu aliyezaliwa utumwani na kutajirika kwa kunyoa nywele.

Hadi leo nikiingia nyumba ya bibi Mmarekani mweusi hapa Baltimore, ananiletea kopo la biskuti lenye hati tatu nne za zamani, moja ya dola 500, nyingine ya 1,000. Sizidharau hata kidogo. Naziandikia barua kampuni zilizozitoa, moja moja, na mara nyingine zimeshamaliza kulipiwa miaka mingi na bado zina haki.

Yule wakala wa daftari alikuwa na kampuni moja, lakini alirudi kila wiki. Siku hizi wanauza kwa simu, hata uso wa mteja hawaujui. Mimi mtu akija kuniuliza huru au kampuni moja, namuuliza: utarudi?

MwanaTanga_HTX

Shikamoo mzee. Nimeguswa.

AbuSalim_DFW

Assalamu alaykum. Kwa upande wetu, msikiti wetu una sehemu yake ya makaburi na tunazika haraka, tena hapahapa. Tuna chama cha kufa na kuzikana, kila nyumba inatoa dola 20 kwa mwezi. Sioni haja ya kampuni, na wapo wanazuoni wanaoikataa bima hii ya kawaida. Naomba tusiwafanye watu waone chama ni kitu cha kizamani.

MwanaTanga_HTX

Wa alaykum salaam ndugu yangu. La fiqhi nawaachia wenye elimu yake, sitalitia mkono. Na chama siwezi kukidharau, mimi mwenyewe ni mwanachama wa kimoja, na ndicho kilichosaidia kumzika yule mama niliyeshindwa kumlinda.

Nyumba inayozika hapahapa, haraka, bila ndege, kwenye makaburi ya jamaa, gharama yake inabebeka na chama kilichosimama vizuri. Shida naiona kwa vyama vinavyoahidi kusafirisha mwili wakati mfuko una dola 9,000, halafu vifo viwili vinatokea mwezi mmoja. Kama chama chenu kina daftari safi na ahadi yake inalingana na mfuko, endeleeni.

NesiMtarajiwa

Kaka, nirudi kidogo. Kwa hiyo mimi nianzie wapi? Nina akiba ya dola 2,500 na watoto wawili.

MwanaTanga_HTX

Dada, na akiba hiyo na watoto wawili, usiache kazi. Anza na kampuni inayokupa majina na mtu wa kukaa naye garini, hata kwa hizo 50. Jipe mwaka au mwaka na nusu. Ila fanya kitu ambacho mimi sikukifanya: mteja akikosa nafasi kwako kwa sababu ya ugonjwa, mwambie wazi kwamba wewe una kampuni moja, na kwamba wapo mawakala wenye nyingi wanaoweza kumtafutia. Utapoteza mauzo hayo, lakini mteja ataondoka na ukweli. Kabla hujasaini soma kifungu cha kuondoka. Nimekuandikia ujumbe binafsi.

KakaMinnesota

Na mimi nitasema kitu mbele ya wote. Tangu nisome habari za yule mama, nimeanza kufanya hivyo. Wiki jana nilimtuma mzee anayepumua kwa oksijeni kwa wakala huru wa St. Paul. Meneja wangu hakufurahi. Nimelala vizuri.

MwanaTanga_HTX

Mungu akuzidishie, kaka.

Kwa wanunuzi: kabla ya kutoa namba ya benki, muulize aliye mbele yako anauza za kampuni ngapi, na je, wewe umepangwa kwenye bima kamili ya siku ya kwanza, ya kupanda taratibu (mafao yanaongezeka kidogo kidogo hadi yatimie), au ya kusubiri miaka miwili? Aonyeshe kwa maandishi. Leseni yake itazame kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo. Nyingi, Texas ikiwemo, zinaonyesha hata kampuni zilizomteua. Bima ikishafika mkononi una siku zisizopungua 10 katika majimbo mengi, kwingine 30, za kuirudisha na kurudishiwa fedha zako zote. Zitumie kuisoma na mwanao anayejua Kiingereza vizuri.

BintiMrima

Kaka MwanaTanga, nimerudi. Wiki saba zimepita tangu nijaze ile fomu. Leo imefika barua. Baba alikuwa na bima ya dola 10,000, imelipwa bila kukosa mwezi hata mmoja. Nimelia sana. Lakini aliyeandikwa kupokea ni mama, na mama alitutangulia 2019. Wa pili hakuandikwa. Wanasema fedha zinaingia kwenye mirathi ya baba. Tunaanza upya?

MwanaTanga_HTX

Hapana dada, hamuanzi upya, mzigo umeshapatikana. Mzee aliacha wosia? Kama hakuacha, Texas ina hati ya kiapo ya mirathi midogo: kama mali zake ukiondoa nyumba ya kuishi hazizidi dola 75,000, na zimeshapita siku 30 tangu afariki, warithi wote wanasaini mbele ya mashahidi wawili wasio na maslahi, hakimu anaipitisha, mnaipeleka kwa kampuni. Muulize karani wa mahakama ya mirathi ya kaunti ya Tarrant kama ana fomu. Waite ndugu zako wote, hata yule aliyeko nyumbani, maana sahihi yake itahitajika. Na leo hiihii ipigie kampuni simu uwaombe orodha ya karatasi wanazotaka, iwe kwa barua.

BintiMrima

Hakuacha wosia. Tuko wanne, mmoja yuko Pangani. Nampigia sasa hivi, huko bado hawajalala.